Lumbesa na haki ya vipimo katika mtazamo wa Kikristo

Lumbesa (huandikwa pia rumbesa) ni namna ya kufungasha mazao kwa kujaza gunia kupita mdomo wake na kulihesabu kama gunia moja la kawaida. Juu ya mdomo hushonewa kipande cha gunia lingine, au hufungwa kamba au wavu, hata mzigo ukapanda kama kichuguu. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja ingawa ametoa zaidi ya gunia moja. Ufungashaji huo unakatazwa na sheria za Tanzania, lakini umeendelea kuonekana katika biashara ya mahindi, vitunguu, viazi, mpunga na mazao mengine.

Katika maadili ya Kikristo, lumbesa ni mfano wa karibu wa jambo ambalo Biblia inalikemea mara nyingi: kuwa na vipimo viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Makala hii inaeleza suala hilo kwa kutazama hasa mkoa wa Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania, ambako mavuno ni ya mara moja kwa mwaka na tofauti ya debe moja au mawili inaweza kuamua kama kaya itafika msimu ujao ikiwa na chakula.

Namna lumbesa inavyofanya kazi

Lumbesa haigusi bei inayotajwa. Mnunuzi na mkulima wanaweza kupatana bei ambayo kijiji kizima kinaiona nzuri, kisha kinachobadilika ni ukubwa wa kile kinachoitwa gunia. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuigundua kuliko bei ya chini iliyo wazi.

Mfano wa hesabu unasaidia kuonyesha jambo hilo. Tuseme gunia la mahindi la kilo 100 linauzwa shilingi 70,000. Bei hiyo ni sawa na shilingi 700 kwa kilo. Likifungwa kwa lumbesa na kufikia kilo 130, mkulima bado anapokea shilingi 70,000, yaani takriban shilingi 538 kwa kilo. Akiuza magunia 10 ya namna hiyo, ametoa kilo 1,300, sawa na magunia 13 ya kilo 100. Amelipwa shilingi 700,000 mahali pa shilingi 910,000. Shilingi 210,000 zimepotea bila neno lolote la bei kubadilika.

Mfanyabiashara yuleyule akifika mjini hauzi tena kwa lumbesa. Huuza kwa kilo kwenye mizani, au kwa vipimo vya rejareja kama debe na sado. Ikiwa kilo moja mjini ni shilingi 900, zile kilo 30 za ziada katika kila gunia zinampa shilingi 27,000 kwa mahindi ambayo hakuyalipia. Mlaji wa mjini hapati nafuu yoyote kutokana na hasara ya mkulima, kwa kuwa yeye hununua kwa kipimo kingine.

Wapo wengine wanaoumia. Wabeba mizigo hutwishwa mzigo unaozidi uwezo wa mwili, nao kwa kawaida hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Pale ambapo ushuru wa mazao hukusanywa kwa kuhesabu magunia, halmashauri pia hupoteza mapato ambayo yangejenga barabara, zahanati na madarasa ya wakulima haohao.

Udanganyifu wa vipimo una sura nyingine pia: debe lililotanuliwa kwa kununulia, debe lililobonyezwa kitako kwa kuuzia, na mizani iliyochezewa.

Mazingira ya uwanda wa kati

Mkoa wa Dodoma uko katika eneo la ukame wa kiasi. Mvua huwa na msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka mara nyingi ni kati ya milimita 500 na 600. Wakulima hupanda mtama, uwele, mahindi, karanga, alizeti na ufuta. Zabibu hulimwa kandokando ya jiji la Dodoma, na mpunga hulimwa katika bonde la Bahi. Kibaigwa, katika wilaya ya Kongwa kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, pana soko kubwa la nafaka ambapo wakulima na wanunuzi kutoka mikoa mbalimbali hukutana.

Hali hiyo ya hewa ina matokeo ya kiuchumi. Mavuno huingia karibu wakati mmoja kwa kila kaya, kwa hiyo bei hushuka wakati ambapo wengi wanataka kuuza. Miezi ya Januari hadi Machi, kabla ya mazao mapya kukomaa, ndiyo miezi ya upungufu. Anayeuza mwezi Juni ili alipe deni, matibabu au mahitaji ya shule anaweza kujikuta mwezi Februari akinunua nafaka ileile kwa bei ya juu zaidi. Aliyeiuza kwa lumbesa huirudisha kwa sado.

Historia ya Ugogo inaonyesha pia kwamba njaa haitokani na mvua peke yake. Katika njaa iitwayo Mtunya, iliyowapata Wagogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata, ukame ulikuja baada ya majeshi kuchukua nafaka, mifugo na wanaume kwa ajili ya vita. Watu wengi walikufa, na wengine waliyahama makazi yao. Akiba iliyochukuliwa kwa amri ya wenye nguvu ndiyo iliyokosekana mvua ilipokosa kunyesha.

Mabadiliko ya biashara ya nafaka

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilichukua nafasi kubwa katika ununuzi wa mazao. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua nafaka kwa bei iliyopangwa. Mfumo huo ulikusudiwa kumkinga mkulima na walanguzi, lakini ulikuwa na udhaifu wake: malipo yaliyochelewa, gharama kubwa za uendeshaji na bei ambazo mara nyingi hazikumvutia mkulima. Vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu virudishwe.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ya nafaka ilifunguliwa hatua kwa hatua kwa watu binafsi. Mkulima alipata wanunuzi wengi zaidi na mara nyingi fedha taslimu papo hapo. Hata hivyo, mahali pa kupimia mazao palihama kutoka kwenye ghala na kwenda uani kwa mkulima au kando ya barabara, ambako mara nyingi mwenye gunia, kamba na gari ni mnunuzi. Anayekuja na kipimo chake mwenyewe ana nguvu kuliko anayetegemea kipimo cha mwingine.

Vipimo katika Biblia

Agano la Kale linazungumzia vipimo katika Torati, katika vitabu vya hekima na katika manabii. Mambo ya Walawi 19:35-36 inadai mizani ya haki, mawe ya kupimia ya haki, na efa ya haki. Efa ilikuwa kipimo cha ujazo wa nafaka ambacho mara nyingi hukadiriwa kuwa lita 22 hivi, yaani zaidi kidogo ya debe moja. Agizo hilo limo katika sura ileile inayoamuru kumpenda jirani (19:18), na sababu inayotolewa ni kwamba Mungu anayeamuru ndiye aliyewatoa Waisraeli Misri. Watu waliokombolewa kutoka kwa wanyonyaji hawaruhusiwi kuwa wanyonyaji.

Kumbukumbu la Torati 25:13-16 ndiyo inayoigusa lumbesa kwa karibu zaidi. Inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, kubwa na dogo, au efa mbili nyumbani mwake. Kosa halianzi siku ya kuvitumia. Kuviweka tu kunaonyesha nia. Mithali 11:1 na 20:10 zinarudia fundisho hilo kwa ufupi, na Mithali 16:11 inasema kwamba mizani ya haki ni mali ya Bwana.

Nabii Amosi, mchungaji kutoka Tekoa aliyehubiri katika ufalme wa kaskazini karne ya 8 KK, aliwasuta wafanyabiashara waliongoja kwa hamu sabato ipite ili warudi sokoni, wapunguze efa, wazidishe uzito wa shekeli na kuuza hata makapi ya ngano (Amosi 8:4-6). Hao walikuwa wauzaji waliopunguza kipimo. Katika lumbesa mnunuzi hukikuza, lakini njia ni ileile: jina la kipimo linabaki, ujazo unabadilika, na anayeumia ni mwenye uhitaji zaidi. Mika 6:10-11 inakemea vipimo vya uongo, na Ezekieli 45:10-12 inaongeza kwamba viongozi pia wana wajibu wa kusimamia vipimo halali.

Katika Agano Jipya, Yesu anasimulia habari ya tajiri aliyekusudia kubomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi bila kujua kwamba usiku huohuo atakufa (Luka 12:13-21). Waraka wa Yakobo 5:1-6 unawashutumu matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Waraka wa kwanza kwa Timotheo 6:10 unaitaja tamaa ya fedha kuwa mzizi wa maovu. Neno linalolaumiwa hapo ni tamaa, si fedha yenyewe wala biashara.

Luka 6:38 inatumia picha ya sokoni ya kipimo kilichojazwa, kikashindiliwa na kutikiswa hata kikafurika. Mtu anaweza kudhani kwamba lumbesa inafanana na kipimo hicho. Tofauti iko kwa anayeamua. Katika Injili, mwenye nafaka anaongeza kwa hiari yake, na ziada hiyo huitwa ukarimu. Katika lumbesa, ziada inatakwa na anayepokea, na mwenye nafaka hana nafasi ya kukataa.

Uislamu, ambao una wafuasi wengi katika uwanda wa kati, hasa Kondoa, unafundisha jambo linalofanana. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inawaonya wale wanaotaka kipimo kamili wanapopokea lakini hupunguza wanapowapimia wengine. Kwa hiyo Wakristo na Waislamu wanaokutana katika soko moja wana msingi wa pamoja katika suala hili.

Mafundisho ya Kanisa

Basili Mkuu, askofu wa Kaisarea ya Kapadokia katika karne ya 4, alihubiri dhidi ya walioficha nafaka wakati wa njaa na kupanga ugawaji wa chakula kwa wenye shida. Alifundisha kwamba kilichofichwa ghalani bila kuhitajika ni haki ya mwenye njaa. Yohane Krisostomo alifundisha vivyo hivyo kuhusu mali isiyoshirikishwa.

Katika karne ya 13, Thoma wa Akwino alijadili udanganyifu katika kununua na kuuza katika kitabu chake Summa Theologiae. Alieleza kwamba anayetumia kipimo cha uongo kwa kujua anatenda dhambi na anapaswa kurudisha. Asiyejua hana dhambi hiyo, lakini akigundua anapaswa kufidia hasara. Alikubali kwamba vipimo vinaweza kutofautiana mahali na mahali, na kwa sababu hiyo ni juu ya watawala kuviweka na kuvithibitisha. Pia alisema kwamba si haki kupandisha bei kwa sababu tu mwenzako ana shida, kwa kuwa shida hiyo si mali yako uiuze.

Waprotestanti nao wamezungumzia suala hilo. Martin Luther aliandika mwaka 1524 kuhusu biashara na riba, akipinga dhana kwamba mfanyabiashara anaruhusiwa kuuza kwa bei yoyote anayoweza kuipata. John Wesley, mwanzilishi wa Umetodisti, alihimiza bidii katika kutafuta mali, lakini kwa sharti la kutomdhuru jirani katika mali, mwili wala roho.

Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mkataba uliokubaliwa na pande zote mbili bado unaweza kuwa wa dhuluma ikiwa upande mmoja umeukubali kwa kulazimishwa na shida. Yeye alizungumzia mishahara, lakini hoja hiyo inahusu pia bei na vipimo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inahesabu kati ya makosa dhidi ya amri ya saba udanganyifu katika biashara na kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya wengine. Mwaka 1970, Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki, aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa linapaswa kushughulikia mifumo inayowaweka watu katika umaskini, na si kuwahudumia maskini tu.

Mapatano yaliyofanywa kwa njaa

Hoja inayotolewa mara nyingi kutetea lumbesa ni kwamba mkulima amekubali mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono. Lakini kukubali kunahitaji kuwa na njia nyingine. Mkulima mwenye mgonjwa nyumbani, asiye na ghala wala usafiri, na ambaye mnunuzi mwingine atakuja baada ya wiki mbili au hatakuja kabisa, anachagua kati ya hasara na hasara kubwa zaidi. Mwenye zabibu zilizokwisha kukatwa ana muda mfupi zaidi, kwa kuwa zitaoza.

Dhuluma ya namna hiyo huanza hata kabla ya mavuno. Katika mikoa ya korosho hujulikana kama kangomba, na katika kahawa ya Kagera huitwa butura: mazao hununuliwa kwa bei ya chini yakiwa bado shambani, kwa sababu mwenye nayo ana shida ya fedha.

Kitabu cha Nehemia, sura ya 5, kinasimulia hali inayofanana. Wakati wa njaa watu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, na wengine waliwatoa watoto wao utumwani. Nehemia hakuuliza kama mikataba ilikuwa halali. Aliwaita wakubwa mbele ya mkutano na kuwataka warudishe mashamba na riba, nao wakaapa kufanya hivyo. Kwa hiyo, katika mtazamo wa Kikristo, mizani sahihi ni sharti la kwanza la haki, lakini haitoshi. Anayepima kilo 100 kamili na kulipa bei ya kunyang'anya kwa sababu anajua mwenzake ana njaa bado hajatenda haki.

Hoja za wafanyabiashara na makosa ya wakulima

Wafanyabiashara wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Barabara za vijijini huharibu magari, mafuta ni ghali, nafaka hupungua uzito inapokauka, na bei inaweza kushuka kabla ya mzigo kufika sokoni. Mtu mmoja akiacha lumbesa huku wenzake wakiendelea, anaweza kushindwa kushindana. Biashara yao pia ni huduma, kwa kuwa bila wao nafaka ya Kongwa au Mpwapwa isingewafikia walaji wa mbali. Mithali 11:26 inamlaani anayezuia nafaka na kumbariki anayeiuza.

Jibu la maadili ya Kikristo si kwamba gharama hizo hazipo. Zinapaswa kuonekana katika bei ya kilo, ambapo mkulima anaweza kuzilinganisha na kuzijadili. Zikifichwa katika gunia, hakuna anayejua ni kiasi gani ni gharama na kiasi gani ni wizi.

Wakulima pia wanafungwa na kanuni hiyohiyo. Wapo wanaochanganya mchanga, mawe au pumba, wanaouza mahindi mabichi ili yazidi uzito, au wanaoweka mazuri juu na mabovu chini. Makapi ya ngano anayoyataja Amosi yanawahusu hao. Dhuluma aliyotendewa mtu haimpi ruhusa ya kumdhulumu mwingine.

Sheria na usimamizi

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340 ya sheria za Tanzania, pamoja na kanuni zake, inasimamia matumizi ya vipimo katika biashara. Kifurushi cha mazao ya shambani hakitakiwi kuzidi kilo 100, na mauzo yanapaswa kufanywa kwa mizani iliyohakikiwa. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukagua na kuhakiki mizani na kuchukua hatua dhidi ya wanaokiuka. Mkosaji anaweza kutozwa faini au kufungwa.

Njia nyingine ni mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008. Mazao hupimwa ghalani, mkulima hupewa stakabadhi inayoonyesha uzito na daraja, kisha huuzwa kwa mnada. Mfumo huo umepanuliwa hadi mazao kama ufuta, mbaazi na dengu. Umepingwa pale ambapo malipo yalichelewa, kwa kuwa mwenye shida ya leo hasaidiwi na fedha za mwezi ujao.

Ugumu wa utekelezaji unabaki vijijini. Mkaguzi anaweza kukagua mizani iliyopo, lakini hawezi kukagua mizani ambayo haikuletwa.

Toba na wajibu wa Makanisa

Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alipompokea Yesu aliahidi kutoa nusu ya mali yake kwa maskini na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya (Luka 19:1-10). Wokovu wa nyumba yake ulionekana katika hesabu. Kwa msingi huo Kanisa linafundisha kwamba anayetubu wizi anapaswa kurudisha alichochukua. Asipoweza kumpata aliyemdhulumu, Thoma wa Akwino anaelekeza kiasi hicho kitolewe kuwa sadaka kwa manufaa ya mwenye haki. Sadaka ya namna hiyo ni malipo ya deni. Haimpi mtoaji sifa, na haimruhusu kuendelea kudhulumu.

Ukristo una mizizi mirefu katika uwanda wa kati. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, na Jimbo Katoliki la Dodoma mwaka 1953, ambalo lilifanywa jimbo kuu mwaka 2014. Katika ibada moja hukaa mkulima, dalali, mwenye lori, mbeba mizigo na mtumishi wa halmashauri. Wote husikia masomo yaleyale, na baadhi yao hukutana tena mwezi wa mavuno wakiwa pande mbili za gunia moja.

Mambo ambayo jumuiya za Kikristo zinaweza kufanya ni ya kawaida: kufundisha hesabu ya kilo na bei, kuwa na mizani moja iliyohakikiwa ambayo kijiji kinaweza kuitumia, kuhifadhi nafaka kwa pamoja ili asiwepo anayelazimika kuuza yote mwezi Juni, na kuweka akiba na kukopeshana ili mgonjwa atibiwe bila kuuza chakula. Parokia au usharika unaopokea sadaka ya mavuno na kuiuza baadaye nao unapaswa kuuza kwa mizani. Mizani ikishakuwepo uani kabla gari halijafika, mkulima anajua ana kilo ngapi, na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo.